UFUNGUO WA SANDUKU LAKO UKO KWA NANI?

Mwaka huu mlezi wetu wa Chama cha Kiswahili alituambia kila mmoja aandike juu ya jambo linalomkera kwelikweli, si hadithi za sungura na fisi tena. Wenzangu wameandika juu ya maharagwe ya hapa shuleni, na wengine juu ya ukataji wa miti. Mimi nimeonelea nitoe dukuduku langu kuhusu barua pepe. Najua yupo atakayefungua ukurasa huu na kusema, "Aa, huyu naye! Barua pepe ina nini?" Ngoja kidogo, ndugu yangu. Kama mtu angemwambia kaka yangu haya nitakayoyasema mnamo Januari 2023, nyumbani kwetu mambo yangekuwa mengine.

Kaka yangu alifanya mtihani wa KCSE mwaka wa 2022. Matokeo yalipotoka alikuwa amepata B, na kwetu hiyo ilikuwa sherehe. Mama alichinja kuku wawili. Wakati huo palikuwa na wakfu mmoja uliokuwa ukitoa ufadhili kwa watoto wa wazazi wasiojiweza, na fomu yao ilijazwa kwenye mtandao. Fomu ilitaka anwani ya barua pepe. Kaka hakuwa nayo. Akapanda matatu hadi Kitale, akaingia katika duka moja la intaneti, saiba kama tunavyoita sisi, na kijana aliyekuwa akihudumu pale akamwambia, "Usijali buda, nakufungulia saa hii. Shilingi hamsini tu."

Kijana akaanza kubonyeza vitufe chapuchapu. Ilipofika mahali pa kuandika nambari ya simu, kaka akasema simu yake ameiacha kwa jirani ikichajiwa. "Haina neno, tutaweka yangu." Akaweka yake. Neno la siri pia akalitunga yeye mwenyewe, akaliandika nyuma ya kikaratasi na kumpa kaka. Dakika kumi hazikuisha kazi ikawa imekamilika na fomu imetumwa. Kaka alirudi nyumbani kifua mbele, mtu mwenye anwani yake.

Mwezi wa tatu kaka alipata vibarua vya kupanda mahindi, akadunduliza hata akanunua simu ya mitumba inayoingia mtandaoni. Jioni ile alijaribu kufungua barua zake. Anwani aliiandika sawa. Neno la siri aliliandika sawa. Lakini kampuni ya barua pepe ikaona kwamba simu hii ni ngeni, haijapata kuiona, na ikasema imetuma nambari ya uthibitisho kwa simu inayoishia na tarakimu mbili fulani. Tarakimu zile hazikuwa za kaka. Kesho yake alirudi Kitale. Yule kijana alikuwa ameacha kazi, ati ameenda Nairobi. Simu yake ikipigwa, mteja hapatikani. Kaka akaomba ajaribu kwenye tarakilishi ileile iliyofunguliwa anwani, kumbe zote zilikuwa zimefutwa na kupangwa upya. Mwenye duka alimwonea huruma, akamrudishia shilingi hamsini zake.

Mwezi wa tano mama alipata nambari ya wakfu ule akapiga simu. Nilikuwa nimeketi kando yake. Sauti ya mwanamke upande wa pili ilikuwa ya upole kabisa: "Mama, tulimwandikia mara mbili. Tulimwita kwa mahojiano tarehe 14 Aprili. Hakujibu, kwa hivyo nafasi ikapewa mwingine." Mama alisema asante. Halafu akaketi na ile simu mkononi, hakusema neno hadi giza likaingia.

Sasa kaka yuko katika chuo cha ufundi, anasomea umeme, karo analipiwa na mjomba, naye ni mwanafunzi hodari. Lakini mwaka mzima ulimponyoka. Na mimi niko kidato cha nne. Mwaka ujao, Mungu akipenda, ni mimi nitakayejaza fomu.

Baada ya yaliyompata kaka nilianza kuuliza watu: huduma gani ya barua pepe ndiyo ya kutegemewa? Kila niliyemuuliza alijibu kwa jina la kampuni. "Gmail." "Yahoo, ndiyo ya watu wakubwa." "Outlook, ile ya ofisini." Hakuna aliyeniuliza swali ambalo lingemwokoa kaka. Kampuni aliyofunguliwa ilikuwa kubwa na imara, na barua za wakfu zilifika. Hadi leo naamini zimo humo. Kaka alikuwa na sanduku zuri ila ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu mwingine. Kwa hivyo mimi naonelea kwamba kabla hujauliza ipi ni bora, uulize kwanza: ufunguo utakuwa kwa nani?

Jambo hili si geni. Babu hunisimulia kwamba zamani kijiji chetu kizima kilipokea barua kupitia sanduku moja la posta, la shule ya msingi. Barua ilikuja na jina lako, halafu "kupitia kwa mwalimu mkuu", na S.L.P. ya shule. Ndugu yake babu alikuwa akifanya kazi bandarini Mombasa. Zipo barua zilizofika zikiwa zimebanduliwa gundi, na zipo ambazo hazikufika. Mwalimu fulani akihamishwa, barua zilikaa kabatini hadi mwalimu mpya aone haja ya kuzigawa. Babu hakuwahi kumlaumu mfanyakazi wa posta. Yeye husema tu kwamba mwenye ufunguo ndiye mwenye barua.

Sasa tazama. Muhula wa pili chama chetu kilikuwa na mjadala kuhusu anwani ambazo shule yetu ilitupa, zile zenye jina la shule baada ya alama ya @. Mwenzangu mmoja wa kidato cha tatu, msemaji hodari, alishikilia kwamba mwanafunzi hana haja ya anwani nyingine. Ya shule ni ya bure, haina matangazo, mwalimu wa tarakilishi yupo ukisahau neno la siri, na tena ina heshima. Alipigiwa makofi mengi. Mimi nilipinga na nikashindwa kwa kura. Mkataa wengi ni mchawi, lakini karatasi hii haina kura, basi nirudie hoja yangu.

Anwani ya shule ni ya shule. Anayeiendesha anaweza kuifunga, na si kwa ubaya, ni kwa sababu ukimaliza wewe si mwanafunzi tena. Sasa fikiria siku utakayomaliza. Mtihani unafanya Novemba, matokeo yanakuja baadaye, na hapo ndipo barua za maana zinapoanza: vyuo, ufadhili, mikopo, kazi. Yaani anwani inafungwa wakati uleule ambapo ulimwengu unaanza kukuandikia! Anwani ya shule itumie kwa kazi za shule, hiyo sawa. Lakini usiitie katika fomu yoyote ambayo jibu lake litakuja baada ya wewe kutoka langoni na sanduku lako la bati.

Tena wanaojua historia ya jambo hili wanasema ndivyo lilivyoanza. Barua pepe kati ya tarakilishi mbalimbali ilianza mwaka wa 1971, wakati Mmarekani Ray Tomlinson alipotumia alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la mashine yake. Kwa miaka mingi baadaye anwani ilikuwa ya chuo kikuu, ya mwajiri, au ya kampuni iliyokuuzia intaneti. Hapa Kenya, kampuni ya Africa Online ilianza mwaka wa 1994, na waliotangulia kuwa na barua pepe walipata anwani kwa kampuni kama hizo. Ukiacha kulipia intaneti yao, unaiacha na anwani. Kampuni nazo hununuliwa. Africa Online yenyewe ilichukuliwa na Telkom ya Afrika Kusini mwaka wa 2007.

Halafu mwaka wa 1996 Sabeer Bhatia na Jack Smith wakaanzisha Hotmail. Walikuwa wameajiriwa, na walitaka kuandikiana mambo yao bila kupitia mitambo ya mwajiri. Wakatengeneza sanduku ambalo mtu yeyote angeweza kulifungua bure akiwa popote, mradi ana tarakilishi yenye mtandao. Mwaka wa 1997 Microsoft wakawanunua. Basi barua pepe ya bure tunayoitumia leo ilizaliwa kwa sababu watu wawili hawakutaka barua zao zipitie kwa bwana mkubwa. Msemaji wetu wa kidato cha tatu angeisikia hii pengine angepunguza sauti.

Sasa tuje kwenye kampuni zenyewe, maana najua ndizo mnazozingojea.

Gmail ilitangazwa tarehe 1 Aprili 2004, na watu wengine walidhani ni mzaha wa siku ya wajinga kwa sababu ilitoa nafasi ya gigabaiti 1, ilhali wenzao wa Hotmail walikuwa wakitoa megabaiti 2. Leo inatoa gigabaiti 15 bure. Lakini soma vizuri: gigabaiti hizo 15 zinagawanywa kati ya barua, picha na faili zako zote zilizo kwa Google. Binamu yangu alijaza zote kwa picha za harusi na video za kwaya, na hakujua kwamba nafasi ikiisha, barua mpya hazipokelewi. Zinarudishwa kwa mwenye kuzituma. Alikuwa akisubiri jibu la kazi, huku kila anayemwandikia anaambiwa sanduku limejaa!

Mgala muue na haki umpe. Gmail haikatiki ovyo, huchuja barua taka vizuri, na simu nyingi za Android zinakuja nayo tayari. Upande wa pili, tangu mwaka wa 2023 Google wana sheria kwamba akaunti isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa. Miaka 2 ni mingi, utasema. Naam, lakini wapo wenzetu waliofungua anwani wakiwa kidato cha kwanza na hawajaiangalia tangu hapo.

Yahoo ina wafuasi wake, hasa wazazi wetu. Mimi siitaki, na sababu yangu ni moja. Mwaka wa 2013 wezi waliingia katika hifadhi zao. Mwanzo kampuni ilisema akaunti zilizoguswa ni bilioni 1, halafu mwaka wa 2017 ikakiri kwamba ni zote, bilioni 3. Kuibiwa kunaweza kumpata yeyote. Lakini kuja kuambiwa baada ya miaka mitatu, tena nusunusu? Nisieleweke vibaya: kama mama yako anayo Yahoo na imemtumikia vyema, asiitupe. Abadilishe tu neno la siri na kuweka uthibitisho wa hatua mbili. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kuna kampuni ambazo hazisikiki sana hapa kwetu. Proton Mail ilianza mwaka wa 2014 kule Uswisi. Hao hufunga barua kwa namna ambayo hata wao wenyewe hawawezi kuzisoma. Mwanzoni nilivutiwa sana. Kisha nikagundua upande wa pili wa shilingi: ukisahau neno la siri na hukuhifadhi njia ya kujiokoa waliyokupa, wanaweza kukurudishia anwani lakini barua zako za zamani hutaweza kuzisoma tena. Kwa mwandishi wa habari anayewindwa, hiyo ni ngome. Kwa mwanafunzi anayekaa bweni miezi mitatu bila simu, na kusahau hata nambari ya kufuli la sanduku lake (sitaji mtu), ni hatari. Tuta ya Ujerumani ni ya aina hiyohiyo, na akaunti yao ya bure isiyotumiwa kwa miezi 6 hufutwa. Hiyo niliiacha palepale.

Iko njia nyingine ambayo naiona ndiyo bora kabisa kwa mtu mzima, ingawa si kwangu sasa. Unaweza kukodi jina lako mwenyewe mtandaoni. Hapa nchini majina yanayoishia kwa .ke husimamiwa na KeNIC, na kuna aina ya .me.ke ambayo ni ya watu binafsi. Ukiwa na jina lako, unaweza kuliunganisha na kampuni yoyote ya barua. Kampuni ikikuudhi unahama, na anwani unaenda nayo, wala rafiki zako hawatajua umehama. Shida ni kwamba jina hulipiwa kila mwaka, na usipolipa mtu mwingine anaweza kulichukua pamoja na barua zako zote zijazo. Sisi tunaoomba nauli ya kurudi shuleni tuliache hilo kwanza.

Basi mimi nilifungua nini? Gmail, kama watu wengi. Sikuichagua kwa kuwa ni ya watu wengi. Nilipima haya mawili: miaka 2 kabla ya kufutwa, na njia nyingi za kujirejesha. Niliketi mwenyewe, kwa simu ya mama, likizo ya Aprili, bila kijana wa saiba. Neno la siri nililitunga kwa maneno manne ya lugha ya kwetu yasiyohusiana, nikaongeza tarakimu. Jina nilichagua langu la kawaida. (Hapa niwaombe wale wanaojiita "mtoto wa pwani" na "kingi wa mitaa" wafikirie uso wa mwajiri anaposoma anwani hiyo!)

Kuhusu nambari ya simu nilifikiri zaidi, maana hapo ndipo kaka alipoangukia. Mimi sina laini yangu. Ningetaka kuweka ya mama, lakini ya mama nayo inaweza kupotea. Na jueni kwamba laini ikikaa miezi kadhaa bila kutumiwa, kampuni ya simu huifunga na baadaye nambari ile hupewa mtu mwingine. Huyo mtu mpya, bila kosa lake, atakuwa akipokea nambari zako za uthibitisho. Kwa hivyo niliweka nambari ya mama, nikaongeza anwani ya mjomba kuwa ya kurejeshea akaunti, kisha nikawasha uthibitisho wa hatua mbili. Ukiuwasha, Google wanakubali kukupa nambari 10 za akiba, kila moja ina tarakimu 8, na kila moja inatumika mara moja tu. Nilizinakili kwa mkono kwenye karatasi mbili. Ukiwa na neno lako la siri na karatasi hiyo, unaingia hata kama simu imeibwa na laini imekufa. Kaka angekuwa na karatasi kama ile, angeenda mahojiano.

Sasa yupo atakayeniambia kwamba ninaogopa mno, kwamba laini ikipotea unaenda dukani na kitambulisho na unarudishiwa. Ni kweli, ukiwa na kitambulisho, na ukiwa na miaka 18, na laini ikiwa kwa jina lako. Wangapi kati yetu wana hivyo vitatu? Wengi wetu tunatumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya shangazi.

Jambo la mwisho ni programu ya kusomea barua, na hapa ndipo watu wengi hunikazia macho wasielewe. Wanadhani barua pepe na programu ya barua ni kitu kimoja. La hasha! Kampuni ndiyo posta. Programu ni ile meza yako nyumbani unapoketi kusoma na kuhifadhi. Unaweza kusoma barua zilezile kwa programu hii au ile, au kwa kivinjari bila programu yoyote, ilimradi pande zote mbili zinaongea lugha moja. Lugha hizo ni hasa mbili, POP na IMAP, nazo zina umri mkubwa kuliko walimu wetu wengine: zote mbili ni za miaka ya 1980. POP, kwa desturi yake, huzileta barua kwako na kuzitoa kule. IMAP huziacha kule na kukuonyesha, ili simu na tarakilishi zako zote zione kitu kimoja.

Kwa nini ujali? Kwa sababu ukisoma kwa kivinjari tu, barua zako zote ziko nyumbani kwa mtu mwingine. Wakifunga mlango, umebaki mikono mitupu. Programu kama Thunderbird, ambayo ni ya bure na toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka wa 2004, huweka nakala katika tarakilishi yako. Tangu Oktoba 2024 iko pia ya simu za Android, iliyojengwa juu ya programu ya K-9 Mail. Haijali barua zako ni za kampuni gani. Ukihama Gmail kesho, meza inabaki ileile. Na kwa sisi wa kununua bando la shilingi ishirini, unaweza kuiambia isipakue barua zinazozidi ukubwa fulani mpaka utake mwenyewe.

Lakini na programu nazo huzeeka. Eudora, iliyoanza mwaka wa 1988 na kupendwa sana, ilikoma kuuzwa mwaka wa 2007. Ile programu ya Mail iliyokuja ndani ya Windows ilifungwa mwishoni mwa mwaka wa 2024, na watu wakaelekezwa kwa Outlook mpya. Sikuipenda hiyo, kwa sababu ukiunganisha nayo akaunti ya kampuni nyingine, barua zako hupitia na kuwekwa kwa Microsoft pia. Yaani unampa mtu wa tatu ufunguo, tena wengi hubofya "kubali" bila kusoma. Kwangu mimi programu nzuri ni ile inayohifadhi barua kwa namna ambayo programu nyingine zinaweza kuzisoma, ili yenyewe ikifa zisizikwe pamoja.

Tahadhari moja, maana mimi mwenyewe nilikosea. Niliunganisha Thunderbird kwa IMAP kwenye tarakilishi ya mjomba, nikajigamba kwamba sasa nina akiba. Siku moja nikafuta barua fulani kwa simu ya mama ili kupunguza mzigo. Nilipofungua kwa mjomba, nazo zilikuwa zimetoweka! IMAP ni kioo. Kinachofutwa kule kinafutwa na huku. Akiba ya kweli ni kuzinakili barua za maana na kuziweka kwenye folda za mashine yenyewe, zile ambazo programu inaziweka kando na hazihusiani na kampuni. Ama, kama huna programu, Google wana huduma ya Takeout inayokuruhusu kupakua barua zako zote katika faili moja, ukaiweka kwenye diski ndogo. Akiba haiozi, bora tu iwe akiba kweli.

Likizo ya Agosti kaka alikuja nyumbani kutoka chuoni. Nilimwambia tuketi nimfungulie anwani mpya, naye akanitazama kama mtu aliyeitwa kurudi mahali alipoumwa na nyoka. Alikuwa akitumia ya chuo, na chuo kile atakimaliza mwakani. Tuliketi mezani, taa ikiwaka, mama akisuka ukili. Neno la siri alilitunga yeye, mimi niligeuka nisione. Nambari ya simu aliweka yake, iliyosajiliwa kwa jina lake. Nambari za akiba alizinakili mara mbili, karatasi moja ndani ya pochi yake na nyingine akampa mama.

Mama alizitazama zile tarakimu. "Na hizi ni za nini, mwanangu?"

Kaka akamwambia ni ufunguo wa sanduku. Mama akainuka, akafungua lile kasha la bati lenye hati ya shamba na vyeti vyetu vya kuzaliwa, akaiweka humo, akafunga.

Yule msemaji wa kidato cha tatu amesema atanijibu katika toleo la mwaka ujao. Namkaribisha. Anwani ya kutuma jibu lake anayo, na nitakuwa nikiisoma.